Kengele ya Sentimita Thelathini

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya Serikali. Si mbele ya majirani, si mbele ya wakwe. Serikali! Na kikao kilikuwa na mtu wa kuandika muhtasari.

Naandika mwenyewe kabla Deo hajaanza kuwasimulia. (Deo ni fundi wangu mkuu. Ukuta wake unanyooka kama rula, lakini siri kwake haikai hata dakika mbili.)

Mnajua nina kampuni ya ujenzi. Ndogo. Mimi, Deo, mafundi wanne na pikapu moja inayowaka siku ikijisikia. Nimesajiliwa daraja la saba, ambalo chini yake hakuna daraja jingine, kuna udongo tu. Tangu nisajiliwe nimeomba tenda tatu za serikali na zote tatu nimezikosa, na kila nikikosa watu wananiambia maneno yaleyale: "Dada Koku, usijisumbue, ile ilikuwa na mwenyewe." Mara ya kwanza nilibisha. Mara ya tatu nikaanza kuamini. Siku hizi nikiona tangazo la zabuni siangalii hata kazi yenyewe. Namtafuta huyo mwenyewe amejificha ukurasa gani.

Sasa hii ya leo ni ukarabati wa makazi ya wazee wastaafu wa jeshi, wale walioumia wakiwa kazini. Yako nje kidogo ya mji, pale mawe makubwa yanaposhuka mpaka yakaingia ziwani. Mabweni mawili, mabafu, njia za viti vya magurudumu, chumba cha mazoezi ya viungo. Kazi ya saizi yangu kabisa! Nilishajiapiza kwamba nikiikosa na hii, narudi kuajiriwa. Na wa kuniajiri ninamjua. Masanja.

Masanja ndiye bosi wangu wa zamani. Nimemfanyia kazi miaka sita. Siku naaga alinishika bega akasema, "Koku, ukichoka, rudi." Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma. Ana kampuni kubwa, na pale Nyakato ana karakana ya milango na madirisha ya alumini.

Milango. Hilo neno lishikeni.

Jana mchana nilikaa sebuleni kwetu Buhongwa nikasoma makabrasha ya zabuni. Usajili wa kampuni, sawa. Leseni hai, sawa. Cheti cha kodi, orodha ya vifaa, wasifu wa mafundi, tamko la kutotoa rushwa, sawa. Kila mzabuni lazima ahudhurie kikao na kukagua eneo, fomu yake isainiwe, asiyekuwa na sahihi zabuni yake haifunguliwi. Sawa. Halafu nikafika kwenye masharti ya kiufundi.

"Milango yote ya mabafu ifunguke kwa nje, upana usipungue sentimita tisini."

Nikasimama. Nani Mwanza hii ana milango ya sentimita tisini ya kufunguka kwa nje, imepangwa imejaa karakana?

Mstari unaofuata: "Kengele ya dharura ifungwe sentimita thelathini kutoka sakafuni."

Nikakaa tena. Sentimita thelathini! Hapo ni chini ya goti. Nikamgeukia mama, alikuwa anamenya ndizi.

"Mama, kengele ikifungwa hapa chini hivi, ni ya nani?"

Mama akatazama mkono wangu, akatazama sakafu.

"Ya kuku," akasema, akaendelea kumenya.

Mnaona? Hata mama, ambaye hajawahi kusoma zabuni, kaona kuna kitu. Nikahitimisha: hicho ni kipengele kilichopikwa. Masanja kaagiza mzigo wa kengele za ajabu ambazo hakuna mwingine anazo, kapenyeza masharti, sisi wengine tunaitwa kuja kupamba kikao. Nililala nimekasirika vizuri kabisa.

Leo kikao kilikuwa saa tatu asubuhi. Sisi tukafika na dakika kumi, kwa sababu pikapu haikujisikia. Utambulisho ulikuwa umeshapita. (Kumbe huo utambulisho ndio ulikuwa kikao chenyewe, lakini tuendelee.) Tukaingia kwa kunyata, tukakaa nyuma. Wazabuni kama kumi hivi. Mbele kakaa afisa manunuzi, dada mmoja mwembamba mwenye miwani, anayeongea kana kwamba anasoma tangazo.

Na mbele kulia, Masanja. Pembeni yake mzee mmoja wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata, kalamu mbili mfukoni, daftari gumu magotini. Masanja kamshika yule mzee mkono kwa mikono yake yote miwili! Anamnong'oneza. Mzee anatikisa kichwa. Masanja ananong'oneza tena, uso wa kuombaomba. Mzee anatikisa tena.

Nikamgusa Deo. "Wanapatana bei."

"Bei ya nini?" Deo akauliza.

"Ya habari. Yule mzee ni mtu wake. Kaletwa kutusikiliza."

"Mbona kama anakataa?"

"Anapandisha, Deo! Anapandisha!"

Afisa akamaliza maelezo akasema kila swali litaandikwa, na majibu yatatumwa kwa wazabuni wote kwenye mfumo wa zabuni wa mtandaoni. Wa kwanza akauliza tarehe ya mwisho. Wa pili akauliza maji ya kujengea yatatoka wapi. Wa tatu sikumsikia, nilikuwa najipanga. Kisha nikanyanyua mkono, nikasimama. Nilikuwa nimevaa buti zangu mpya za mpira, nikajiona mrefu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naitwa Injinia Koku. Nina miaka kumi kwenye ujenzi. Nimefunga kengele shuleni, nimefunga hospitalini, nimefunga hotelini. Sijawahi kufunga kengele sentimita thelathini kutoka sakafuni. Naomba kujua sharti hili limetoka wapi na linamnufaisha nani. Maana nijuavyo mimi, kengele hupigwa na mtu aliyesimama, au basi aliyekaa. Nani anapiga kengele akiwa amelala sakafuni?"

Watu wakacheka! Kuna mmoja nyuma akapiga makofi. Wallahi ningekaa hapo ningerudi nyumbani na heshima yangu. Sikukaa.

"Na hiyo milango ya kufunguka kwa nje," nikaendelea, nikimtazama Masanja kisogoni, "mbona kama suti iliyoshonwa kwa kumpima mtu mmoja?"

Masanja akainamisha kichwa. Nikasema moyoni, nimemshika!

Afisa akarekebisha miwani. Uso mkavu kama saruji ya juzi.

"Swali namba nne limeandikwa. Nani hupiga kengele akiwa amelala sakafuni. Ndivyo ulivyouliza?"

"Ndivyo."

"Litajibiwa kwa maandishi."

Yule mzee akageuka, akanitazama muda mrefu bila kukasirika wala kutabasamu, akafungua daftari akaandika kitu. Kaandika nini?

Tukatoka kukagua eneo. Wazee wenyeji walikuwa barazani, wengine kwenye viti vya magurudumu, wakitutazama kama watu wanaotazama mechi waliyokwishajua matokeo yake. Tukawaamkia, wakaitikia. Lakini yule mzee wa daftari hakubaki na wenzake, alikuja na sisi. Anatembea na fimbo, taratibu, kiatu kimoja kinalia ko, ko, ko, kingine kimya. Na kati ya wazabuni wote kumi akachagua kunifuata mimi.

Nikienda bwenini, ko, ko. Nikirudi kwenye veranda, ko, ko.

Mwishowe nikageuka. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni kampuni gani?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi nimekuja kuona tu."

Akatazama tepu mkononi mwangu, akatazama kofia ngumu kichwani kwangu yenye jina la kampuni. Akaandika.

Deo akaninong'oneza, "Bosi, huyu anaandika kila unachofanya."

"Basi tumpe cha kuandika," nikasema. Nikanyoosha tepu kwenye korido, nikaisoma kimoyomoyo, tano na sentimita arobaini, halafu nikapaza sauti: "Deo! Andika mita saba!"

"Tano na arobaini," ikasema sauti nyuma yangu.

Nilikuwa nimeiziba tepu kwa kiganja. Hakuweza kuisoma!

"Umejuaje, mzee?"

"Naijua hiyo korido."

"Ulishaipima?"

"Mara nyingi sana," akasema, na kwa mara ya kwanza akatazama pembeni.

Basi nikapata ushahidi wote. Vipimo wanavyo tayari! Masanja kapimiwa mapema, sisi tunachezeshwa ngoma. Nikaona kilichobaki ni kuingia bafuni peke yangu, nipime kila kitu kwa siri, nipige hesabu ya milango, nimshinde Masanja kwenye kipengele chake mwenyewe. Simu nikamwachia Deo aendelee kupiga picha za paa, ili mzee amfuate yeye. Kweli ko, ko ikaondoka na Deo. Nikajipongeza. Nikaingia bafu la bweni la pili, nikafunga mlango.

Mlango, kwa taarifa yenu, unafunguka kwa ndani.

Bafu lenyewe ni jembamba. Choo cha kukaa, sinki, bomba la kuogea, kiti cha plastiki cha kuogea wazee. Kengele ipo, usawa wa kidevu changu nikiwa nimesimama. Nikapima upana wa mlango, sabini na tano. Nikapima chumba. Kisha nikaona bomba la maji linapita juu karibu na dari, nikataka kujua unene wake. Nikapanda kwenye kiti.

Sasa kumbukeni wazee wamesikia wageni wanakuja, na ni wanajeshi. Sakafu ilikuwa imepigwa sabuni alfajiri mpaka inang'aa.

Kiti kilienda upande wake na mimi nikaenda wangu. Sikumbuki yote. Nakumbuka dari, halafu sinki kwa chini. (Watu wachache sana wamewahi kuona sinki kwa chini. Pana buibui.) Nilipotulia nilikuwa chali sakafuni, kiuno kinaita, buti la mguu wa kulia limebanwa katikati ya choo na ukuta kama kabari. Kiti kimelala kati ya mguu wangu wa kushoto na mlango. Ule mlango usingeweza kufunguka bila kunivunja.

Nikavuta mguu. Buti likakaza. Buti jipya la mpira kwenye vigae vyenye unyevu lina mapenzi ya ajabu na mwenye nalo.

Nikaita taratibu, kwa heshima. "Deo." Kimya. "Deo wewe!" Kimya. Kwa mbali namsikia afisa anaeleza habari za mteremko wa njia za viti vya magurudumu, na wazabuni wote wanamsikiliza.

Ndipo nikainua macho nikaiona kengele.

Jamani. Iko kule juu. Kitufe chekundu, kizuri, kina alama ya mtu anayepiga kengele. Mtu aliyesimama. Nikanyoosha mkono, haufiki hata nusu. Nikafikiri kihandisi. Nikatoa tepu, nikaichomoa kidogo kidogo kuelekea juu, ikapanda, ikapanda, ikakaribia kitufe, ikabaki kama vidole vinne, ikakunjika, ikarudi kwa kasi, ikanigonga katikati ya paji la uso. Nikajaribu tena. Ikanigonga tena, kidole kimoja kando.

Mara ya tatu nikasikia korido.

Ko. Ko. Ko.

Ikasimama nje ya mlango. Bila kubisha. Anasikiliza.

"Nani humo?" mzee akauliza.

Nikanyamaza. (Ndiyo. Nimelala chini ya sinki na buibui, na bado namshuku mtu.)

"Mwanangu, umeanguka?"

"Hapana mzee. Napima."

Nikasikia fimbo ikigusa sakafu karibu na mlango.

"Sauti yako inatokea chini."

"Napima sakafu."

"Ukiwa umelala?"

Kiuno nacho kikachagua muda huohuo kunikumbusha, nikatoa sauti ambayo haifanani na ya mtu anayepima.

"Usijisukume," mzee akasema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyezoea kuamrisha. "Tulia. Sikiliza. Kichwa kimepigwa?"

"Ni tepu tu."

"Miguu unaisikia yote?"

"Mmoja umebanwa kwenye choo."

"Sawa. Mlango siugusi. Najua ukisukumwa utakuumiza. Subiri."

Halafu akapaza sauti. Sijawahi kusikia mtu wa umri ule akipaza sauti namna ile. "WATU WAWILI HAPA! MMOJA ALETE BISIBISI!" Ziwa zima limesikia. Kwa hiyo hawakuja wawili. Walikuja wote. Nilisikia viatu, nikasikia minong'ono, nikasikia Deo anauliza, "Yuko wapi bosi?" na mtu akamjibu, "Chooni."

"Tung'oe bawaba," akasema mtu. Niliitambua sauti. Masanja.

"Bawaba ziko ndani," mzee akamjibu. "Wewe unajua ziko ndani."

Nikasikia bisibisi ikiwekwa chini.

Chini ya mlango kuna uwazi wa vidole vitatu. Ikaingia ncha ya fimbo, ikaja polepole mpaka mkononi mwangu. "Ivute yote," mzee akasema. "Kwa pale ilipopinda, shika mguu wa kiti. Kivutie kwako, usikisukume. Ukikisukuma kinakuja mlangoni." Kama alikuwa anaona! Nikashika mguu wa kiti kwa fimbo, nikavuta, kikaja kwangu, kikanilalia tumboni. Mlango ukasogea kiganja kimoja. Ukaingia mkono mnene wa Masanja wenye saa ya dhahabu, ukakishika kile kiti, ukakisukuma pembeni. Mlango ukafunguka.

Wakuu, hebu oneni walichokiona. Wazabuni tisa, Deo, afisa manunuzi na kalamu yake, wazee wanne waliokuja na viti vyao vya magurudumu kwa mwendo ambao sikuutegemea. Na mimi sakafuni, kofia ngumu imenifunika jicho moja, alama mbili nyekundu za tepu kwenye paji la uso, fimbo ya watu kifuani, mguu mmoja umekumbatiana na choo.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Afisa manunuzi akatazama mimi, akatazama kengele kule juu, akatazama mimi tena. Akafungua faili lake.

"Injinia," akasema kwa upole kabisa, "swali namba nne bado unalihitaji?"

Hapo ndipo walipocheka. Hadi mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu akalazimika kushikwa.

Ilibidi mguu utoke, buti libaki. Masanja mwenyewe ndiye aliyeninyanyua. Nikakalishwa barazani, soksi moja nje, nikapewa maji. Yule mzee akaja akakaa pembeni yangu. Ko, ko, halafu akainua suruali kidogo kukaa vizuri, ndipo nikaona. Mguu ule wa kiatu kinacholia ni wa bandia.

"Naitwa Sajenti mstaafu Wambura," akasema. "Kwenye kamati ya mradi nawakilisha wenzangu wanaoishi hapa. Nilijitambulisha mwanzo wa kikao. Hukuwepo."

Nikatamani zile alama za paji la uso zienee uso mzima.

"Hilo sharti la kengele niliandika mimi," akaendelea. "Siku moja nilianguka humohumo. Mguu huu nilikuwa nimeuacha kitandani. Nilianguka wakati wa kuoga asubuhi, nikalala hapo mpaka wanagawa uji wa saa nne. Kengele naiona. Siifikii."

"Hukuita, mzee?"

"Niliita, sauti ikaisha. Nikasema basi niimbe, nyimbo za kwata, zile za gwaride, zina nguvu. Nikaimba zote ninazozijua. Wenzangu huku nje wakasema, leo Wambura amefurahi, mwacheni aoge."

Akacheka peke yake. Mimi sikuweza. Nilikuwa naiwaza ile korido ya mita tano na arobaini, na jinsi alivyotazama pembeni aliposema ameipima mara nyingi. Mguu ukiwa kitandani, korido unaipima kwa viwiko.

"Nisamehe mzee," nikasema. "Nilidhani wewe ni mpelelezi."

"Najua. Ulisema kwa nguvu kule nyuma. Masikio yangu mazima."

(Deo alikuwa amesimama karibu. Alitazama ziwa.)

Nikamuuliza basi Masanja alikuwa anamnong'oneza nini. Masanja akajibu mwenyewe, akijifuta jasho.

"Koku, haya mabafu nilijenga mimi. Wakati huo hata hujaja kwangu. Milango ya kufunguka ndani, kengele kule juu, ndivyo ramani ilivyosema, nami sikumuuliza mtu anayeoga humo. Nilikuwa namwomba mzee asiniseme mbele ya kikao." Halafu sura yake ikang'aa. "Lakini umenisaidia sana. Baada ya leo hakuna atakayekumbuka habari za milango yangu."

Fomu yangu ya kukagua eneo akaisaini Sajenti Wambura. Kabla hajanirudishia nikapata ujasiri nikamwomba nione alichokuwa anaandika kunihusu. Hakusita. Akafungua daftari. Kila mzabuni alikuwa na mstari wake. Wa kwanza: "Hakupima, aliuliza mlinzi." Wa pili: "Alipima kwa macho." Wangu ulikuwa mrefu kidogo: "Mama wa kofia ya njano. Anapima kila kitu kwa tepu. Anasoma kwa uongo."

"Haya maneno ya mwisho," nikasema, "hayawezi kufutika?"

"Naandika kwa wino, mwanangu."

Saa kumi jioni majibu ya maswali yakaingia kwenye mfumo, yakaenda kwa kila kampuni iliyoomba tenda hii, ikiwa ni pamoja na zile za ng'ambo ya Sengerema ambazo zina ziara yao wiki ijayo. Nanukuu: "Swali namba nne: Nani hupiga kengele akiwa amelala sakafuni? Jibu: Sharti linabaki kama lilivyo. Wazabuni waliohudhuria ziara ya leo wamejionea." Jina langu halipo. Kanuni hazimruhusu afisa kuliandika. Lakini simu yangu haijapumzika tangu saa kumi na dakika tano.

Nimeshaanza kuijaza zabuni, nimeegemea mito miwili. Milango nimeandika sentimita mia, si tisini, maana nimejua mwili wa mtu aliyeanguka unachukua nafasi kiasi gani. Nikishinda nitafurahi. Nikikosa, kwa mara ya kwanza sitamtafuta mtu wa kumlaumu. Au nitamtafuta kidogo tu.

Njiani kurudi nilipitia duka moja la dawa hapa Buhongwa, nachechemea, buti mguu mmoja, kandambili ya Deo mguu mwingine. Dada wa dukani akanitazama paji la uso.

"Pole dada. Samahani, ni wewe wa kule bafuni?"

"Nani kakwambia?"

"Shemeji yangu naye anaomba tenda hiyohiyo."

Akanipa dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu. Nikamuuliza kama ana dawa ya aibu. Akafikiri kweli, yule dada, akasema ile huwa inaisha yenyewe, ila nikae mbali na watu wenye simu.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu wenye simu. Chekeni kimoyomoyo.